Saa 29 Cairo mwezi wa nane nikiwa na mzee wa miaka 71: tushuke mjini au tupite?

Mama Dagaa, Kirumba

Habari za kutwa ndugu zangu. Naomba ushauri, na naomba hasa wa mtu aliyefika, maana hapa nyumbani kila mmoja ana lake la kusema na hakuna aliyewahi kukanyaga Misri.

Mwezi wa saba nakwenda Ujerumani na baba yangu. Mdogo wangu anaishi Leipzig, amejifungua, na baba anataka kumpakata mjukuu angali mchanga. Kwenda hakuna neno: Mwanza, Dar, Cairo, Frankfurt, tunapita tu. Shida ipo kwenye kurudi. Wakala wa tiketi amenipa njia mbili. Zote tunatua Cairo Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ya kwanza tunaunganisha usiku uleule saa nne na nusu, alfajiri tuko Dar. Ya pili tunalala Cairo na kuondoka Jumapili usiku, saa ileile ya nne na nusu. Bei zimepishana kidogo, si za kunizuia. Kwa hiyo njia ya pili inatupa saa 29 na nusu.

Ingekuwa mimi peke yangu nisingeuliza, ningepita. Nauza dagaa soko la Mwaloni tangu mwaka 2003 na siku moja iliyopotea naijua thamani yake. Tunarudi mbalamwezi ikiwa inaisha. Siku chache baadaye giza linarudi, mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, na mteja wangu wa gunia akifika asinikute ananunua kwa jirani. Akishazoea kwa jirani, kumrudisha ni kazi.

Lakini kuna baba. Alikuwa fundi mitambo melini. Aliingia mwaka 1976, enzi za Jumuiya ile ya zamani ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika naye angali mgeni kwenye chumba cha injini, akabaki hapohapo. Bukoba, Kemondo, Nansio, kwenda na kurudi, mpaka anastaafu. Tulipokuwa wadogo akiwa zamu ya mapumziko alitupeleka kukaa kwenye mawe juu ya maji, anatuonyesha kaskazini: "Haya maji yanatokea Jinja kwa mto Nile, yanakwenda mpaka Misri." Basi nilipomwambia kwamba tutapita Cairo akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Tutauona?" Nikadhani anasema piramidi. Akasema, "Mto."

Hajataja piramidi mpaka leo.

Hofu yangu ni hii. Ana presha, anameza vidonge vya aina mbili kila asubuhi, na goti lake la kulia limechoshwa na ngazi za melini. Nasikia Cairo mwezi wa nane mchana ni nyuzi 35, na siku ikiwa mbaya inafika 40. Sisi hatujazoea hayo. Huku kiangazi mchana ni nyuzi 28 na upepo wa ziwa juu yake, na usiku unajifunika blanketi. Nikimtajia joto ananijibu kwamba chumba cha injini kilikuwa kikali kuliko jua lolote. Ni kweli, ila wakati huo alikuwa na miaka 30.

Naomba mniambie ukweli. Ukitoa uwanja wa ndege, foleni na usingizi, kwenye hizo saa 29 kinabaki nini? Na huo mto mtu mzima mwenye goti bovu anaweza kuufikia wapi, akae karibu nao kwa utulivu, si kuuona kwa mbali kutoka dirisha la gari? Kama ni kwenda kumchosha mzee ili nije niseme tulifika Cairo, bora tupite.

Msafiri wa Nyakato

Dada, kabla ya yote mengine, viza. Kukaa ndani ya uwanja ukisubiri ndege ni jambo moja, kutoka mlangoni kwenda kulala mjini ni jambo lingine kabisa. Waandikie ubalozi wa Misri Dar, uwape ratiba yote ya safari, na usikate ile tiketi ya kulala mpaka upate jibu lao kwa maandishi. Usimsikilize mtu anayekwambia "utapewa tu ukifika", hata huyo wakala. Na kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe mkobani.

Jambo la pili ni mizigo. Siku mnaondoka Frankfurt, uliza kaunta kama masanduku yanakwenda moja kwa moja hadi Dar au mnayachukua Cairo. Mkilala njiani majibu hubadilika. Kwa vyovyote vile dawa za mzee, nguo za kulalia na kandambili viwe kwenye begi la mkononi. Na omba kiti cha magurudumu mapema, tangu siku ya kukata tiketi. Usimwonee mzee haya. Viwanja hivyo vina mwendo mrefu kuliko mji wenyewe.

Aliyesoma Azhar

Shikamoo mama, na mzee shikamoo yake uifikishe. Mimi nimesoma chuo kikuu cha Azhar miaka mitano, na viangazi vyote vitano nilivimalizia Cairo kwa kukosa nauli ya kurudi nyumbani. Joto hilo nalijua kwa ngozi yangu.

Jibu langu: mshuke. Ila msiende kwa mpango wa watalii, wa kutoka hotelini saa tatu asubuhi na kurudi saa kumi mkiwa mmekaangwa. Cairo ya mwezi wa nane inaishi usiku. Saa saba mchana mitaa mingi imelala, vibanda vimeteremsha maturubai, wazee wako ndani na feni. Njoo saa mbili usiku uone: familia nzima na watoto wa kubebwa wako kwenye madaraja ya Nile, wanakula mahindi ya kuchoma kama yetu ya barabarani, wanapunga upepo. Saa saba usiku bado wapo. Mwaka wangu wa kwanza niliwashangaa, wa pili nikawa mmoja wao.

Sasa hesabu ya muda. Tangu 2023 Misri wamerudia kusogeza saa mbele majira ya joto, kwa hiyo mwezi wa nane saa yao na ya Tanzania ni moja, mzee hatachanganyikiwa na ratiba ya vidonge. Ila jua lao linachelewa. Huko Mwanza saa moja giza linaingia, kule linazama kama saa mbili kasoro robo. Mkitua saa kumi na moja, mkatoka uwanjani hata saa kumi na mbili na nusu, mtaufikia mto mwanga ungalipo au ukiwa unaagana. Uwanja uko kaskazini mashariki, kilomita ishirini na kitu kutoka katikati ya mji, na magari ni mengi. Chukueni hoteli upande wa Garden City au Zamalek, karibu na maji. Mkilala karibu na uwanja kwa kuokoa pesa, mtakuwa mmeokoa pesa na kupoteza safari.

Na kuhusu mto, mama, mpandishe mzee faluka. Ni jahazi la tanga moja, zimefungwa kando ya barabara ya mtoni. Unakodi kwa saa, mnakubaliana bei kabla ya kukanyaga ubao. Mimi mtoto wa Mwanza niliyezoea ziwa, kilichonishangaza ni upepo. Nile unashuka kwenda kaskazini, na upepo wa kule karibu siku zote unatoka kaskazini. Ukitaka kupanda mto unatweka tanga, ukitaka kurudi unaliteremsha na mkondo unakubeba. Ndivyo walivyosafiri tangu enzi za mafarao. Mtu aliyekula chumvi nyingi melini akiliona hilo kwa macho atakuwa na la kuongea mwaka mzima. Mkono anaweza kuutia majini akiwa ameketi.

Jumapili alfajiri mngeweza kwenda Giza, mji wenye piramidi, kabla jua halijakomaa. Piramidi kubwa, ya Khufu, ina miaka zaidi ya 4,500. Ilikuwa na mita 146 ilipojengwa, leo ni kama 138, na kwa karne 38 hakuna jengo duniani lililoipita kwa urefu. Halafu jioni mje mji mkongwe, mtaa wa Muizz na soko la Khan el-Khalili. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 969 na msikiti wa Azhar ukaanza kujengwa mwaka uliofuata. Usiku mtaa ule una taa za manjano kwenye kuta za mawe, milango ya karne kwa karne, na chini ni tambarare, goti halitalalamika. Nikiufikiria napata kiu ya kurudi.

Nesi Mstaafu

Mdogo wangu, mimi nitasema usilopenda kulisikia. Sijafika Cairo. Lakini nilimpeleka mama yangu umra mwezi wa saba, naye alikuwa na miaka 69, presha na dawa mbili, kama baba yako. Tuliyeongozana naye alitutoa kutembea saa sita mchana kwa sababu basi lilikuwa linasubiri. Mama hakulalamika hata mara moja. Hakutoka jasho la kuonekana. Nikafurahi, nikasema mama anastahimili. Kwenye lifti ya hoteli akaniegemea, nikadhani ananikumbatia. Alikuwa anazimia.

Mimi nesi, miaka 31 wodini, na sikuona.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, naomba unisikilize. Joto la jangwani si kama la Dar. Dar unaloa, shati linashika mgongoni, mwili unakukumbusha kunywa. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mkavu na mwenye nguvu huku maji yanakuisha. Na kiu ya mtu mzima haina uaminifu. Wazee wengi hawasikii kiu hata wakiwa wameshapungukiwa. Halafu angalia vidonge vyake: baadhi ya vya presha ni vya kutoa maji mwilini. Kwenye joto la nyuzi 38 kidonge hicho na jua vinafanya kazi moja, upande mmoja. Akisimama ghafla presha inashuka, anaanguka, na kwa mzee kuanguka ni nyonga.

Tena hapo atakuwa ametoka kwenye ndege. Ndani ya ndege hewa ni kavu na wazee wanakataa kunywa maji wasisumbue watu kwenda chooni. Anashuka akiwa tayari ana upungufu.

Sisemi usiende. Nasema mpeleke kwanza kwa daktari wake na ratiba mkononi, aulizwe daktari, usiulizwe mtandao. Asiache kidonge kwa kujiamulia. Na huyo kijana wa Azhar, mwanangu, umempangia mzee wa watu mto usiku, piramidi alfajiri, na mji mkongwe jioni. Huo ni mpango wa kijana wa miaka 22.

Mama Dagaa, Kirumba

Dada nesi, asante, na pole sana kwa mama. Nimesoma mara tatu. Nimekwenda kuangalia vile vidonge, kimoja ni kweli, kwenye karatasi wameandika cha kuongeza mkojo. Nilikuwa sijui. Nampa kila asubuhi kwa mkono wangu na nilikuwa sijui. Alhamisi tunakwenda kliniki.

Mwanangu wa Azhar, marahaba. Hayo ya faluka nimemsomea baba. Aliacha chakula. Akataka nirudie pale pa upepo wa kaskazini, kisha akasema, "Kumbe mashine ni mto wenyewe."

Ila niulize: kuna njia ya kuona piramidi bila kusimama juani? Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Ningependa kuziona, sitaki kusema uongo.

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Binti yangu, mwangaluka. Nimefundisha jiografia visiwani huku kwa muda mrefu, na huo mto nimeuchora ubaoni mara zisizohesabika. Sijapata kuuona kule chini. Mwambie baba yako namwonea wivu mwema.

Nina mambo mawili.

La kwanza, mwambie ukweli wa maji kabla hajafika, asije akaambiwa na mpita njia akavunjika moyo. Maji mengi yanayopita Cairo si ya kwetu. Kama sehemu 85 kwa 100 zinatoka milima ya Ethiopia, kwa Nile ya Bluu na wenzake. Nile Nyeupe, unaotokana na ziwa letu na maziwa jirani, ukifika Sudan Kusini unaingia kwenye kinamasi kikubwa cha Sudd, mto unatawanyika kwenye mafunjo mpaka haueleweki, na karibu nusu ya maji inapotelea pale kwa jua. Halafu maji ya Nile zote mbili yanachanganyika Khartoum, yanatuama nyuma ya bwawa la Aswan, ndipo yanashuka Cairo. Hakuna atakayeweza kuchota kikombe pale akasema hiki cha Mwanza.

Lakini usiishie hapo, umwambie na upande wa pili. Maji ya Ethiopia yanakuja kwa msimu, kwa kishindo, kisha yanapungua. Ya kwetu yanatiririka mwaka mzima. Kabla bwawa la Aswan halijakamilika mwaka 1970, miezi ile mto unapokonda kabla ya mafuriko, sehemu kubwa ya kilichokuwa kikiwafikia Wamisri ilikuwa Nile Nyeupe. Ziwa liliwavusha kwenye ukame wao, kila mwaka, kwa maelfu ya miaka, nao hawakujua maji yanakotoka. Mzungu Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kuliona ziwa, alikisia tu kwamba hapa ndipo chimbuko, wenzake wakambishia. Ilibidi arudi, mwaka 1862 afike Jinja ayaone maji yakitoka, ndipo ateremke kaskazini mpaka Misri. Wazee wetu walikuwa wakivua hapa muda wote huo. Ninyi mtakuwa Cairo wiki ileile ya Agosti. Mimi mambo kama hayo huyapenda, utanisamehe.

La pili, kuna mahali pale Cairo ambapo baba yako apelekwe kuliko kwenye kaburi la mfalme yeyote. Ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda, katikati ya mto, kuna Kipimo cha Nile. Waarabu wanakiita Miqyas. Kilijengwa mwaka 861, yaani Cairo yenyewe haijaanzishwa. Ni kisima kikubwa cha mawe kilichounganishwa na mto kwa mifereji, na katikati umesimamishwa mhimili wa marumaru wenye pembe nane, umechongwa alama za dhiraa. Mto ukipanda, maji yanapanda kisimani, mtu anasoma. Yakifika dhiraa 16, nchi inashiba na kodi inatozwa. Yakipungua, njaa. Yakizidi sana, mafuriko. Na mwezi wa nane ndio uliokuwa mwezi wa kusubiri, mto ukiwa unajaa. Siku hizi mifereji imezibwa na kisima ni kikavu, bwawa la Aswan limeondoa kazi hiyo. Mhimili upo.

Baba yako ni mtu wa meli. Anajua maana ya kuamka asubuhi ukaangalia maji yamesimama wapi kwenye gati. Mvua za 1961 hadi 1964 zilipoinua ziwa zaidi ya mita mbili alikuwa mtoto, lakini atakumbuka wazee walivyohama pwani. Mwaka 2020 na 2024 nyote mmeona. Atausoma ule mhimili bila mkalimani.

Tahadhari moja, nimeelezwa na mwanafunzi wangu aliyefika: ngazi za kushukia kisimani ni za mawe, zimeuzunguka ukuta, si za mtu mwenye goti bovu. Lakini juu kabisa unasimama ukiwa chini ya kuba, kivulini, na mhimili unauona mzima. Uwanja huohuo kuna makumbusho ya Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Kama mzee aliwahi kuwa na redio ya mkulima, jina hilo analijua.

Aliyesoma Azhar

Mwalimu shikamoo. Miaka mitano Cairo na Kipimo sikukiingia hata siku moja, nimekipita kwa basi. Nimejifunza leo.

Mama nesi, umenikosoa na nimekubali. Nilikuwa napanga safari yangu, si ya mzee. Mji mkongwe ndio moyo wangu na nilitaka kila Mtanzania auone. Basi nauondoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama Dagaa, swali lako la piramidi lina jibu zuri. Makumbusho Makubwa ya Misri, yaliyofunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025, yako Giza, kilomita mbili hivi kutoka kwenye piramidi. Ndani ni ubaridi. Mlangoni kuna sanamu la Ramses wa Pili, mita 11, tani 83. Kuna ngazi kubwa imejaa masanamu, lakini pembeni yake kuna ngazi za umeme, mzee hapandi hata kipandio kimoja. Ukifika juu, ukuta ni kioo, na piramidi ziko mbele yako. Unakaa, unazitazama, unakunywa maji. Hazina yote ya Tutankhamun iko humo pia, vitu zaidi ya 5,000, ila msijaribu kuimaliza, hata mzima hawezi. Tiketi kateni mtandaoni mapema, na uwe na kadi ya benki.

Jua la Giza lenyewe achaneni nalo. Kule ni mchanga na mteremko, wenye ngamia hawamwachi mtu apumue, na ndani ya piramidi ni njia ya kuinama yenye joto la kuziba pua. Metro nayo msipande. Ilianza 1987, ya kwanza Afrika, tunaipenda, lakini ni ngazi juu ya ngazi. Teksi ya programu ya simu, bei unaiona kabla.

Na kumbukeni Jumapili kule ni siku ya kazi. Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Kutoka mtoni mpaka Giza wekeni saa nzima njiani.

Kitu kimoja cha mwisho. Jumamosi usiku mkishuka kwenye faluka msile hotelini. Ulizia kushari: wali, adesi, tambi, dengu, vitunguu vya kukaanga na rojo ya nyanya. Hakina nyama wala samaki. Ndicho kilichonilea.

Nesi Mstaafu

Sasa hapo tunaelewana. Mpango huo hata mama yangu angeumudu. Maji anywe kwa saa, si kwa kiu: kila saa bilauri moja, wewe umsimamie, labda daktari aseme vingine. Hotelini omba mkae na chumba mpaka jioni, hata kwa kulipia nusu siku. Mchana alale. Usikubali akae kwenye kochi la mapokezi tangu saa sita mpaka saa moja, hiyo ndiyo itakayomwangusha, si jua.

Mama Dagaa, Kirumba

Narudi ndugu zangu, samahani nimekawia, kulikuwa na mzigo wa kupeleka.

Alhamisi tulikwenda kliniki. Daktari alisoma ratiba yote, nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi kama ilivyopangwa hapa. Amesema mto jioni, sawa. Makumbusho, sawa. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi asiwe juani kabisa. Vidonge asiache, ila atampima tena wiki moja kabla hatujaondoka, akiona haja ya kubadilisha atabadilisha yeye. Na nibebe kipimo cha presha cha mkononi. Baba alikaa kimya muda wote, kisha akamuuliza daktari kama amewahi kufika Misri. Daktari akasema hapana.

Habari ya maji ya Ethiopia nilimweleza jioni ileile, nilikuwa naiogopa. Nilimpigia hesabu kwa madebe maana ndiyo hesabu yangu ya kila siku: kwenye madebe saba yanayopita pale, moja ndilo la upande wetu. Alifikiri. Akasema, "Debe moja. Basi yamo." Halafu akanieleza habari za Sudd, ambazo alikuwa anazijua tangu kazini na hakuwahi kutuambia. Mwalimu, ametuma salamu nyingi. Anasema gati la Nansio analijua usiku bila taa.

Kwa hiyo tumeamua kushuka. Jumamosi faluka na hicho kushari, basi, kulala. Jumapili asubuhi Kipimo mapema, kisha Giza kwenye kioo, saa nane tuko hotelini kitandani, saa moja jioni uwanjani. Mji mkongwe tumeuacha wote. Mwanangu wa Azhar, naomba radhi, utaniona siku nyingine nikiwa na miguu yangu peke yangu.

Kuhusu siku yangu ya dagaa, nimeongea na jirani yangu wa kibanda. Atanishikia wateja. Nilikuwa naogopa kumwomba, yeye akaniambia mama yake alikufa akisema anataka kuiona Bukoba.

Ubalozi nimewaandikia barua pepe Jumatatu, bado hawajajibu. Wakala ameshikilia nafasi zote mbili mpaka Ijumaa. Jibu likichelewa nitamwomba aongeze, akikataa nitapiga simu Dar mwenyewe.

Baba sikumwambia hakutakuwa na haja ya kushuka ngazi za Kipimo. Nilimsomea maneno ya mwalimu yote, na pale pa ngazi alinisimamisha akauliza ni ngapi. Sikujua. Asubuhi nimetoka kwenda mwaloni saa kumi na moja, nimemkuta ameshaamka. Barazani kwetu zipo tatu. Ameshika ukuta, anapanda na kushuka, anahesabu kwa sauti, na nilipofungua geti alikuwa amefika arobaini na mbili.